Kabla ya Kuuza Santuri za Babu, Andika Orodha

Chepsaita, katika eneo la Turbo nje kidogo ya Eldoret, siku hizi hutajwa kwa mbio za nyika na mahindi. Ni nadra mtu kuitaja kwa muziki. Hata hivyo, Uasin Gishu ni nchi ya mashamba ya walowezi yaliyogawanywa na kununuliwa baada ya uhuru, na familia zilizohamia humo zilijenga nyumba zao katika miaka ileile ambayo santuri ndogo, ile ya inchi saba inayozunguka mara 45 kwa dakika, ilikuwa ndiyo njia kuu ya kumiliki wimbo. Ndiyo maana ukoo wa hapa unaweza kufungua sanduku la marehemu babu na kukuta rundo la sahani nyeusi zilizoshika vumbi. Hoja yangu ni kwamba rundo hilo ni kumbukumbu ya maandishi kama ilivyo hati ya shamba, na linastahili kuorodheshwa lote kabla halijauzwa, kugawanywa au kutupwa.

Tuanze na jinsi santuri hizi zilivyotengenezwa. Kwa miongo kadhaa Nairobi ilikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, lakini waliochagua nani arekodiwe walikuwa wafanyabiashara wengi, wakubwa kwa wadogo. Kericho kulikuwa na Chandarana, duka la muziki lililogeuka kampuni ya kurekodi na kuzipa nafasi bendi za Bonde la Ufa na Nyanza. Prodyuza Phares Oluoch Kanindo aliusambaza muziki wa benga hadi Zimbabwe, ambako jina lake likawa jina la mtindo wenyewe. Wimbo uliovuma ulifyatuliwa tena na tena. Ule ambao haukuvuma ulitoka nakala chache, ukasahaulika. Kisha kaseti zikaenea katika miaka ya 1980, pamoja na uharamia wake, na biashara ya santuri ikafa. Makampuni yaliyofungwa hayakuwa na sababu ya kutunza kanda mama za nyimbo zisizouzika. Kwa wimbo wa aina hiyo, nakala iliyobaki nyumbani kwa mtu huenda ndiyo pekee iliyobaki duniani.

Ushahidi kwamba nakala iliyotunzwa huzaa matunda upo karibu. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi huko Kapkatet wasichana wa Kipsigis wakiimba “Chemirocha”, wimbo uliozaliwa baada ya watu kusikia santuri za mwimbaji Mmarekani Jimmie Rodgers. Rekodi hiyo ilihifadhiwa Afrika Kusini katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey, na mwaka 2015 nakala zilirudishwa nchi ya Wakipsigis, zikawafikia wazee waliokuwapo siku ya kurekodi. Mwaka 2013 nao, kampuni ya Soundway ya London ilitoa mkusanyiko wa “Kenya Special”, nyimbo za Kenya za miaka ya 1970 na 1980 zilizokusanywa kutoka santuri ndogo za aina hii. Kazi zote mbili ziliwezekana kwa sababu mtu fulani alikataa kutupa.

Wapo watakaosema kwamba kila kitu sasa kiko YouTube. Nyimbo maarufu ziko, ndiyo. Mpenzi wa muziki wa Kipchamba arap Tapotuk hatakosa cha kusikiliza. Lakini benga ya santuri iligawanywa pande mbili: upande wa kwanza mashairi, upande wa pili gitaa likipanda kasi. Si ajabu kukuta mtandaoni upande mmoja tu, bila jina la mtunzi, la bendi wala la prodyuza, ilhali yote hayo yamechapwa kwenye lebo ya santuri. Tena mtandao hauwezi kutuambia nyumba moja ya Turbo ilinunua nini. Je, nyumba ya Wanandi ilikuwa na rumba ya Kikongo, benga ya Kijaluo na nyimbo za Kiluhya kando ya zile za lugha yao? Jibu limo katika mkusanyiko ukiwa mzima, na hupotea siku mkusanyiko huo unapotawanyika.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: lebo nazo hudanganya. Prodyuza aliweza kuandika jina alilotaka, na ubishi kuhusu nani alitunga “Malaika”, kati ya Fadhili William aliyeurekodi na Adam Salim, haujamalizwa na santuri yoyote. Ni kweli. Lakini lebo ni shahidi, na shahidi mwenye kasoro huulizwa maswali, hafukuzwi mahakamani. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hulinda utunzi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mjane au mtoto wa mwanamuziki anayedai haki yake leo atahitaji pa kuanzia, na jina lililochapwa pamoja na namba ya santuri ni mwanzo mzuri kuliko kumbukumbu ya mdomo peke yake.

Wengine watauliza: familia yenye karo ya kulipa ikatae pesa za mnunuzi? La. Santuri ni mali yao, na kuuza si dhambi. Kosa ni kuuza bila kujua unachouza. Asiye na orodha huuza kwa rundo. Mwenye orodha huuza kwa jina, na hata akiuza, maarifa hubaki nyumbani.

Kwa hiyo, mlio na sanduku kama hilo Chepsaita au kwingineko, pigeni picha pande zote mbili za kila santuri, nakilini namba zilizokwaruzwa karibu na lebo, na muwaulize wazee ilinunuliwa wapi na nani. Zisimamisheni wima mbali na jua, kwa maana joto huzipinda. Msizicheze kwa sindano iliyochakaa. Simu na daftari vyatosha kuanza, na waanze sasa wale ambao wazee wao bado wanakumbuka.