Kizazi Kushuka: Hesabu ya Wavu kwa Wanawake Mia Moja

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwapima wanawake 1,047 wa vijijini mkoani Kilimanjaro. Asilimia 64.6 walikutwa na viungo vya ndani ya nyonga, kikiwemo kizazi, vilivyoshuka kwa daraja la pili hadi la nne. Asilimia 6.7 walikuwa na hali mbaya, kiungo kimetokeza nje. Tatizo liliandamana na kilimo, uzazi wa mara tatu au zaidi, kujifungulia nyumbani na kubeba mizigo mizito kwa saa nyingi.

Mambo kama hayo yapo pia kwenye milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Wanawake wa Kinole, Matombo na Mgeta wanalima kwenye miteremko mikali, na mazao hushuka mlimani vichwani mwao. Kiwango kikiwa kama cha Kilimanjaro, katika kila wanawake 1,000 wapo 67 wenye hali mbaya, na wengi wao watahitaji tiba. Je, ni tiba ipi?

Marekani ilikimbilia wavu wa plastiki unaoshonewa ndani ya mwili kushikilia viungo. Mwaka 2010 wanawake wapatao 75,000 waliwekewa wavu huo kupitia ukeni. Mwaka 2016, mapitio ya majaribio 37 yaliyohusisha wanawake 4,023 yalionyesha faida na hasara zake.

Tuchukue wanawake 100. Wakishonwa kwa nyama za mwili wao wenyewe, 19 huhisi tena uvimbe ukishuka ndani ya mwaka mmoja hadi mitatu. Wakiwekewa wavu, ni 10 hadi 15. Hiyo ndiyo faida. Lakini kati ya waliowekewa wavu, 12 hutokewa na wavu uliotoboa ukuta wa uke, na wanane hupasuliwa tena kwa sababu hiyo. Ukijumlisha upasuaji wote wa marudio, walioshonwa kawaida ni watano. Wenye wavu ni saba hadi 18.

Uingereza ilisitisha wavu huo Julai 2018. Aprili 2019, Marekani iliamuru uondolewe sokoni. Wavu unaowekwa kupitia tumboni haukuhusika na amri ya Marekani, na aliyekwisha kuwekewa asiye na dalili halazimiki kuutoa. Aendelee na uchunguzi wa kawaida.

Kwa mama wa mlimani, kila upasuaji wa marudio ni nauli, kitanda cha hospitali, wiki bila kubeba mzigo na shamba lisilopaliliwa. Ndiyo maana tiba ianzie kwenye mazoezi ya misuli ya nyonga katika hatua za mwanzo, kisha pete ya silikoni iitwayo pesari, ambayo haihitaji kisu. Upasuaji ukilazimu, mama ana haki ya kuuliza: mtaweka wavu? Kwa njia ipi? Nikipata shida, nani atanitibu?

Na kila zahanati ya Uluguru iwaulize wanawake, kwa faragha, kama kuna kitu kinashuka. Wengi hawatasema wasipoulizwa.