Antaktika: Bara lisilogonga muhuri

TANGU nirudi nyumbani, wafanyabiashara wa mpakani wakisikia kwamba nimefika Antaktika huniuliza jambo moja kabla ya kuuliza habari za baridi au pengwini: huko pasi ya kusafiria inagongwa na nani? Jibu langu huwashangaza. Hakuna anayegonga. Hakuna kizuizi, hakuna forodha, hakuna afisa wa uhamiaji. Nchi saba zinadai vipande vya bara lile, na madai ya Argentina, Chile na Uingereza yanapandiana kabisa katika rasi tuliyokwenda. Lakini Mkataba wa Antaktika, uliotiwa saini mjini Washington tarehe 1 Desemba 1959 na mataifa 12, Afrika Kusini ikiwa ndiyo pekee ya bara letu, uliyaweka madai hayo kando. Hayakukubaliwa, hayakukataliwa, na hakuna anayeruhusiwa kuyapanua.

Mimi nilikulia kambi ya Mtabila, mkoani Kigoma, nikarudi Burundi kambi ilipofungwa mwaka 2012. Kwa miaka mingi karatasi ndiyo iliyoamua nilale upande gani wa mpaka. Kwa hiyo msomaji ataelewa kwa nini nilitamani kuikanyaga ardhi ya namna ile, ijapokuwa haikuwa hakika kwamba ningeikanyaga. Sikwenda kama mtalii. Abiria wa safari hizo hulipa dola 6,000, wengine 15,000 na zaidi. Mimi nilikuwa mwosha vyombo, na mwosha vyombo hushuka nchi kavu nafasi ikibaki.

Mji wa noti nyingi

Ilikuwa Februari 2023. Nilikuwa nikifanya kazi hotelini Dubai, wakala akaniandikisha, nikapelekwa Buenos Aires, ambako nilikaa siku tatu nikisubiri ndege ya kusini. Siku ya kwanza nilielekezwa mtaa wa Florida, nao ni kama kijiwe cha wabadilishaji fedha pale Kobero, ila una maghorofa. Vijana kwa wazee wamesimama kila hatua chache wakiimba "cambio, cambio". Wenyeji huwaita "arbolitos", yaani vimiti, kwa kuwa husimama mahali pamoja wakiwa wamejaa majani ya kijani, ndizo dola. Ukikubaliana naye anakupeleka kwenye "pango", chumba kidogo nyuma ya duka au juu ghorofani, na humo ndimo fedha zinapohesabiwa.

Wakati ule serikali iliwabana raia wasinunue dola, kwa hiyo bei ya mtaani ilikuwa karibu mara mbili ya bei ya benki. Noti kubwa kuliko zote ilikuwa ya peso 1,000, na mtaani haikufika dola tatu. Kwa noti yangu moja ya dola 100 nilipewa bunda lililojaza mfuko wa koti. Mwezi huohuo mfumuko wa bei wa mwaka ulivuka asilimia 100. Nilimwona mwenye duka la viatu akifuta bei kwenye kibao na kuandika nyingine huku mteja amesimama mbele yake, na mteja hakulalamika.

Jambo lililonichekesha ni kwamba noti ya dola hukaguliwa kule kama huku kwetu. Sisi tunakataa dola zilizochapwa kabla ya 2006; wao wanazitenga zenye kichwa kidogo na zenye kichwa kikubwa, na ile ya kichwa kidogo hupunguziwa bei, achilia mbali iliyochanika au yenye doa. Tangu hapo mambo yamebadilika. Aprili 2025 serikali iliondoa sehemu kubwa ya vizuizi hivyo kwa watu binafsi, na pengo kati ya benki na mtaa likapungua sana, kwa hiyo asiende mtu leo akitegemea faida ile.

Karibu na stesheni ya Once nilikutana na Msenegali aliyekuwa akiuza saa na miwani juu ya kitambaa kilichofungwa kamba pembe zote nne, ili akivuta mara moja mzigo wote uwe begani. Kifaransa kikatuunganisha. Aliniambia alipitia Ecuador, akaingia Brazil, akashuka kwa mabasi. Aliponiuliza ninakokwenda nikamwambia, alicheka mpaka akainama, halafu akaniuzia glovu kwa bei ya ndugu.

Ni yeye aliyeniambia kwamba mji ule si wa Wazungu watupu kama unavyoonekana. Ni kweli. Katika sensa ya 1778 karibu theluthi moja ya wakazi wa Buenos Aires walikuwa weusi na machotara. Watumwa waliletwa kutoka Angola na Kongo, na wengine kutoka Msumbiji, pwani yetu hii ya mashariki. Historia iliwafunika muda mrefu. Mwaka 2024 ilipotoka noti ya peso 10,000, ilikuwa na picha ya María Remedios del Valle, mwanamke mweusi aliyepigana vita vya uhuru wa nchi hiyo, akiwa pamoja na Jenerali Manuel Belgrano. Mimi sikuwahi kuishika noti hiyo, nilikuwa nimeshaondoka.

Kutoka hapo ni karibu saa tatu na nusu kwa ndege hadi Ushuaia, mji wa bandarini ulio chini ya milima ya theluji. Tangu sheria ya mwaka 1972 eneo lile lina msamaha wa kodi, ndiyo maana viwanda vya kuunganisha simu na televisheni viko huko mwisho wa dunia. Mbele ya mji kuna mlango wa bahari wa Beagle, na upande wa pili ni Chile. Mwaka 1978 nchi hizo mbili zilikaribia kupigana kwa ajili ya visiwa vitatu vidogo mdomoni mwake; Papa Yohane Paulo wa Pili akaingilia kati, na mkataba ukatiwa saini Vatikani mwaka 1984. Meli yetu ilipita hapo jioni, na nilitazama taa za pande zote mbili nikiwa na ndoo ya maganda ya viazi mkononi.

Zamu ya jikoni

Baada ya Beagle ni mlango wa Drake, siku mbili za bahari isiyo na nchi ya kuizuia upepo. Kuhusu Drake nitasema machache, maana nilikuwa chini, sikuiona. Niliisikia. Sufuria zilifungwa kwa vyuma, sahani zilitandikiwa vitambaa vilivyoloweshwa ili zisiteleze, nasi tulitembea tukiegemea ukuta mmoja kisha mwingine. Nusu ya abiria hawakuja kula, na hiyo ndiyo faida pekee ya tufani kwa mwosha vyombo.

Kabla ya kufika, kila mtu aliitwa na nguo zake za nje. Mifuko ilipitishiwa mashine ya kuvuta vumbi, vishikizo vya kunata vikachokolewa kwa kibano, nyayo za buti zikasuguliwa na kuchovywa dawa, kisha tukatia saini. Wanatafuta mbegu na udongo. Mimi nimepekuliwa mipaka mingi, lakini sijapata kuona ukaguzi wa kina kama ule, nao haukutafuta pesa wala bangi. Jikoni tulikuwa na sheria yetu: mabaki ya kuku hayatupwi ovyo, lazima yachomwe au yarudishwe, yasije yakawapa ndege wa huko ugonjwa. Wengine waliona ni usumbufu. Februari 2024 homa ya mafua ya ndege ilithibitishwa katika bara lenyewe. Inasadikiwa ililetwa na ndege wanaohama, wala si mifupa ya jikoni.

Chama cha kampuni za safari hizo, kilichoundwa mwaka 1991, hakiruhusu zaidi ya watu 100 nchi kavu kwa wakati mmoja, na meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu. Yetu ilikuwa na abiria 170 hivi, kwa hiyo walishuka kwa makundi, na wafanyakazi tukangoja. Siku ya kwanza upepo ulibadilika, zamu yetu ikafutwa. Siku ya pili ilikuwa kisiwani, wakachukuliwa wahudumu wa vyumba. Siku ya tatu, katika ghuba ya Neko, ambayo ni bara lenyewe na si kisiwa, msimamizi alifungua mlango wa jikoni akanyoosha vidole sita. Mimi nilikuwa wa tano.

Boti ya mpira ilitushusha kwenye kokoto. Harufu ilitupokea kabla ya pengwini: fikiria ndagala zilizonyeshewa siku tatu kwenye anikio. Pengwini walikuwa mamia, makinda yao yakiwa yanapoteza manyoya ya utotoni, wakipita mbele yetu bila haraka. Mtu haruhusiwi kuwasogelea chini ya mita tano, ila wao hawajasoma sheria. Tulikatazwa kukaa, kupiga magoti, kula, na kuokota hata jiwe. Ng'ambo ya maji mto wa barafu ulipasuka kwa mlio kama wa bunduki. Wenzangu wakapiga picha. Mimi, mlio ule naujua kutoka utotoni, nikajikuta nimeinamisha kichwa, halafu nikaona kwamba hakuna aliyekimbia. Tulipewa dakika arobaini.

Wanaotaka kufuata njia hii wajue mambo mawili. Kwanza, kutoka Ushuaia kwenda Antaktika ni kutoka Argentina, na kurudi ni kuingia upya, hivyo msafiri anayehitaji viza aombe ya kuingia zaidi ya mara moja. Ubalozi wa Argentina uko Nairobi. Pili, Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Pasi, kitabu cha baharia na cheti cha daktari vya nchi yako utalipa mwenyewe. Viza ni juu ya mwenye meli. Anayekuomba dola 500 za "kufungua faili" huko mjini, mwombe kwanza akuonyeshe jina la meli.