Kugeuza gari la kabureta kuwa EFI: Kinachohitajika kabla hujafungua boneti

Bukoba. Mwenye Land Rover Series III anaujua utaratibu wa asubuhi ya mvua: vuta choki, piga self, subiri injini ikohoe kwanza, ndipo safari ya Muleba ianze. Ndiyo maana swali la kung'oa kabureta na kufunga mfumo wa nozeli, yaani EFI, haliishi gereji.

Inawezekana, na siyo lazima liwe gari la tajiri. Ila kazi yenyewe siyo ya Jumamosi moja.

Tatizo la kabureta ni mwinuko

Injini ya petroli hufurahi ikipata hewa sehemu 14.7 kwa petroli sehemu moja, kwa uzito. Kabureta haipimi chochote. Hewa ikipita kwenye koo lake jembamba inavuta petroli kupitia jeti, kitundu chenye ukubwa uleule siku zote.

Sasa Bukoba iko karibu mita 1,150 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa huku ni pungufu kwa takribani asilimia 12 ukilinganisha na Dar es Salaam. Jeti iliyopangwa Dar haijui hilo. Mafuta yanazidi hewa, plagi zinakuwa nyeusi, moshi unatoka mweusi na tenki linaisha mapema. Fundi anaweza kubadili jeti, sawa, lakini gari likishuka pwani inabidi zibadilishwe tena.

EFI hufanya kinyume. Sensa hupima mgandamizo wa hewa, joto la hewa na joto la maji, kisha kontroli boksi huamua nozeli ifunguke kwa sekunde ngapi, au tuseme kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Choki haihitajiki tena.

Wazo lenyewe siyo geni Afrika Mashariki. Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda Safari Rally mwaka 1966 na 1967 akiwa na Peugeot 404, modeli ambayo tayari ilikuwa na toleo la nozeli zinazoendeshwa na pampu ya kimakanika bila kompyuta.

Kontroli boksi ya kujiundia

Mwaka 2001 Wamarekani wawili, Bruce Bowling na Al Grippo, walitoa MegaSquirt, kontroli boksi ambayo mnunuzi aliiunganisha mwenyewe kwa risasi na pasi ya kuchomelea. Baadaye ikaja Speeduino, inayotumia bodi ya Arduino Mega, na michoro yake iko wazi kwa yeyote.

Nozeli, sensa na koo la hewa vinaweza kutoka kwenye gari lililokatwa spea. Ili boksi lijue mwendo wa injini, hufungwa gurudumu la meno kwenye puli, au kwa kuanzia ishara huchukuliwa kwenye koili na disteribyuta ikabaki ilipo. Njia hii ya pili ni rahisi na inatosha. Gari la dainamo lifungwe alteneta kwanza, maana pampu ya umeme na boksi havivumilii umeme wa kubahatisha.

Hapa ndipo pa kuwa makini

Pampu ya zamani husukuma petroli kwa nguvu ndogo, chini ya psi 5. EFI ya kawaida hutaka karibu psi 43. Mpira mkuukuu uliovumilia miaka yote ukipewa presha hiyo unapasuka, na petroli inarushwa juu ya injini ya moto. Gari linaungua.

Kwa hiyo mipira yote ibadilishwe iwe ya EFI, klipu ziwe imara, kuwe na njia ya kurudisha mafuta kwenye tenki, na rilei inayozima pampu injini ikizimika. Asiye na hela ya vitu hivi asianze kabisa.

Kuna na suala la petroli ya chupa za plastiki inayouzwa vijijini. Kabureta ikiziba uchafu, fundi anaipuliza kwa mdomo na safari inaendelea. Nozeli haipulizwi kwa mdomo. Filta nzuri ni ya lazima, na tenki la zamani lenye kutu lisafishwe kabla.

Baada ya kufunga, hufuata kuseti. Sensa ya oksijeni huwekwa kwenye ekzosi, mmoja anaendesha, mwingine anakaa na kompyuta mpakato akirekebisha namba: silensa kwanza, barabara tambarare, halafu mlima. Kuna siku gari litaamka vizuri likiwa la moto na kukataa kabisa asubuhi likiwa la baridi, kwa hiyo marekebisho huchukua wiki kadhaa.

Kabureta isiuzwe chuma chakavu. Ihifadhiwe pamoja na pampu yake ya zamani, maana boksi likifa usiku huko Kimwani, fundi wa karibu anaijua hiyo.