Majiji ya Uganda na Sifa Zake

Askari apewapo uhamisho, familia yake huanza kuulizia habari za mji waendako hata kabla masanduku hayajafungwa. Jibu la kwanza huwa ni sifa ya mji huo. Nchini Uganda sifa za namna hiyo ni tele, na baadhi yake zimedumu ingawa kilichozizaa kimekwisha kutoweka.

Kampala huitwa jiji la vilima saba, na jina lenyewe latokana na swala pala waliokuwa wakilisha huko zamani. Jiji limekwisha kupanda vilima vingine vingi, lakini hakuna ajishughulishaye kuhesabu upya. Jirani yake Entebbe, neno lenye maana ya kiti kwa Kiganda, ilikuwa makao ya serikali ya kikoloni. Tangu uhuru mwaka 1962 makao makuu yako Kampala. Mbarara, katika nchi ya ng'ombe wenye pembe ndefu, yasifika kwa maziwa. Mama wa nyumbani ahamiaye huko hana budi kujifunza eshabwe, kitoweo cheupe cha samli ambacho ni fahari ya karamu za Ankole.

Jinja yajivunia chanzo cha mto Naili. Mwezi Julai 1862 Mwingereza Speke aliyaona maji ya Ziwa Viktoria yakimwagika kwenye maporomoko, akatangaza kwamba amekipata chanzo, kana kwamba wenyeji hawakuwa wakiyaona kila siku! Maporomoko hayo hayapo tena. Yalizama baada ya kujengwa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Umeme wake uliipatia Jinja viwanda na sifa ya pili, mji wa viwanda. Nayo ilififia baada ya Waasia kufukuzwa nchini mwaka 1972.

Mbale, chini ya mlima Elgon, katika miaka ya 1960 ilitajwa kuwa mji safi kuliko yote nchini. Wazee bado huisimulia sifa hiyo, lakini uchafu uliingia na mitaro ikaziba. Tarehe 31 Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilifurika, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha.

Gulu ilijulikana ulimwenguni kwa jambo ambalo hakuna mji ungependa kujulikana kwalo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, maelfu ya watoto wa vijijini waliingia mjini kila jioni kwa miguu, wakalala barazani na katika viwanja vya hospitali, wakihofia kutekwa na waasi wa Joseph Kony. Alfajiri walirudi makwao. Utulivu ulianza kurejea mwaka 2006, na tarehe 1 Julai 2020 Gulu ikapandishwa kuwa jiji. Siku hizi inatajwa miongoni mwa miji iliyo safi zaidi nchini Uganda, sifa ile ile iliyokuwa ya Mbale.