Je, wajua? Gari la kuruka lipo tangu mwaka 1949

Kila baada ya miaka michache huzuka habari kwamba magari ya kuruka yako njiani yanakuja, na waliokwama kwenye foleni hupata la kujifariji. Wachache wanajua kwamba gari la namna hiyo liliruka mwaka 1949, na kwamba mwaka 1956 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ililipatia cheti. Watu walilinunua. Mwigizaji Bob Cummings alikuwa nalo lake, na kituo kimoja cha redio cha Portland, Oregon, kilitumia jingine kutangaza hali ya barabara kutoka angani.

Liliitwa Aerocar. Aliyelibuni ni Moulton Taylor, mkazi wa mji wa Longview katika jimbo la Washington. Lilikuwa kigari kifupi cha viti viwili, bodi ya faiba, magurudumu manne. Barabarani lilikokota mabawa na mkia wake nyuma kama tela. Ukifika kwenye uwanja wa ndege unakunjua mabawa, unayafunga ubavuni, unaunga mkia. Kisha unakiendea kibao cha namba za gari. Unakiinua, na nyuma yake unakuta mahali pa kuungia shafti ya pangaboi. Kazi nzima, kwa hesabu ya Taylor, ni ya mtu mmoja na dakika tano. Injini ni ileile moja: barabarani inazungusha magurudumu ya mbele kwa gia tatu; angani gia inaachwa nyutro na nguvu yote inakwenda kwenye pangaboi. Ukitaka kusogea nyuma pale uwanjani unaweka rivasi, jambo ambalo rubani wa ndege ndogo ya kawaida hawezi kulifanya. Yeye hushuka na kuisukuma kwa mikono.

Kwa kile kibao cha namba pekee Taylor anastahili heshima. Hata hivyo Aerocar zilizoundwa ni sita tu. Kiwanda kimoja kilikubali kuzitengeneza kwa wingi endapo zingepatikana oda 500. Zikaja karibu nusu yake, na mpango ukafa.

Kilichoiua Aerocar kinaonekana wazi ukiiweka karibu na ndege nyingine iliyoingia sokoni mwaka huohuo wa 1956, Cessna 172. Aerocar ilikuwa na injini ya nguvu za farasi 143, Cessna 145. Lakini Cessna ilibeba watu wanne badala ya wawili, na ilikwenda kasi zaidi, kwa sababu haikubeba gia, ekseli wala vifaa vingine vya barabarani visivyo na kazi angani. Aerocar ilifikia kilomita 177 kwa saa ikiwa angani, na barabarani haikuzidi 97. Kwa hiyo mnunuzi alilipia ndege iliyo nyuma ya ndege nyingine na gari lililo nyuma ya magari mengine. Cessna 172 zimeshatengenezwa zaidi ya 40,000, na hadi leo marubani wengi wa Afrika Mashariki hujifunzia humo.

Gari na ndege hugombana kwenye uzito. Gari zuri lina bampa, vyuma vya milangoni, shokapu imara, vyote vya kuvumilia mashimo, matuta na bodaboda anayekugusa ubavuni. Ndege nzuri ni ile iliyopunguziwa kila gramu. Na hapo kwenye kuguswa ubavuni ndipo penye kesi. Gari lako likibonyea leo, utaliendesha hivyohivyo hadi mwisho wa mwezi, kisha fundi wa gereji atalinyoosha kwa nyundo. Bawa likibonyea, halipai tena mpaka fundi mwenye leseni ya ndege alikague na kutia saini. Sasa fikiria kuliegesha gari la kuruka sokoni.

Wengine waliojaribu kuunganisha gari na ndege walilipa. Mwaka 1947 gari la kuruka la kampuni ya Convair lilianguka huko California kwa kuishiwa mafuta. Inasimuliwa kwamba rubani alikuwa akitazama geji ya mafuta ya gari, ilhali iliyokuwa ikielekea sifuri ni ile ya ndege. Yeye alipona. Mwaka 1973, Henry Smolinski na mwenzake walichukua gari aina ya Ford Pinto wakalipachika mabawa na injini ya nyuma ya Cessna ya aina nyingine. Septemba 11 bawa liliachia angani, na wote wawili wakafa.

Msomaji atasema hayo ni ya zamani, siku hizi kuna umeme na kompyuta. Kweli, na ufundi umesonga. Juni 2021 Stefan Klein wa Slovakia alirusha AirCar yake kutoka Nitra hadi Bratislava kwa dakika 35. Alipotua alibonyeza kitufe, mabawa yakajikunja ndani ya dakika tatu, akaendesha kuingia mjini. Nilipoitazama video ile nilifurahi kama mtoto. Lakini angalia safari yenyewe ya angani: ilianza kwenye uwanja wa ndege, ikaishia kwenye uwanja wa ndege. Kabla ya kuruka, rubani wa ndege ndogo huizunguka yote, anatikisa mabawa, anakinga mafuta kidogo kwenye kikombe kuona kama yana maji, anasoma hali ya hewa. Jumlisha na mwendo wa kutoka nyumbani hadi uwanjani, na zile dakika ulizookoa zimeliwa.

Ndiyo maana wengi wanaota chombo cha kupaa wima kutoka uani. Hapo tunakutana na fizikia isiyopokea rushwa. Ili chombo kisimame hewani, lazima kisukume hewa chini. Pangaboi pana husukuma hewa nyingi polepole na kutumia nguvu kidogo. Pangaboi dogo husukuma hewa kidogo kwa kasi na kula nguvu nyingi. Ukipunguza kipenyo hadi nusu, uzito ukiwa uleule, nguvu inayohitajika huwa mara mbili. Helikopta ndogo ya Robinson R22, ya watu wawili tu, ina pangaboi la zaidi ya mita saba na nusu. Lete mita hizo kwenye kichochoro chenu. Upepo unaoshuka chini yake utaanua nguo za jirani kwenye kamba na kutimua vumbi hadi ndani ya sufuria, na kelele zake ni mashtaka mengine kabisa kwa mjumbe wa mtaa.

Betri nayo ina lake. Kilo moja ya petroli ina nishati ya takriban kilowati-saa 12. Kilo moja ya betri ya lithiamu hubeba robo ya kilowati-saa, au zaidi kidogo. Hata ukikubali kwamba injini ya petroli hupoteza robo tatu ya nishati hiyo kama joto, betri bado iko nyuma zaidi ya mara kumi. Tena petroli hupungua uzito kadiri unavyoruka. Betri iliyoisha ina uzito uleule.

Kwa sababu hizo, vyombo vya umeme vinavyofanikiwa sasa vimeacha kabisa kuwa magari. EH216-S ya kampuni ya EHang, iliyopata cheti China mwaka 2023, ina mapangaboi 16, viti viwili, haina rubani ndani, na haiwezi kwenda barabarani. Mwaka 2025 ilirushwa Kigali mbele ya wajumbe wa mkutano wa usafiri wa anga. Dubai imeingia mkataba na kampuni ya Joby kwa ajili ya teksi za angani zenye rubani na abiria wanne. Ujerumani, kampuni mbili zilizosifiwa sana, Lilium na Volocopter, ziliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2024.

Teksi hizo naziamini, kwa safari fupi, kituo hadi kituo, kwa wenye nauli. Gari la kuruka la baba na mama wa kawaida, la kwenda kazini na kupeleka watoto shule, siliamini, na betri bora zaidi haitanibadilisha mawazo, maana itabaki ile kesi ya uzito, ya mahali pa kutua, na ya injini kuzimika. Barabarani injini ikizimika unasogea pembeni na kuwasha taa za dharura.

Ukitaka kuona chombo kidogo cha betri kinachoruka kwa kazi ya kila siku, nenda Muhanga, Rwanda. Tangu 2016 ndege za kampuni ya Zipline zisizo na rubani zinarushwa kutoka hapo, zinavuka vilima, na kudondosha damu kwa mwavuli kwenye hospitali. Mzigo wa kila moja haufiki kilo mbili.