Harusi za Coronation Street Tunazozikumbuka



Wengi katika jamaa zetu waliohamia Uingereza katika miaka ya 1960 na 1970, wakitokea Unguja, Mombasa, Dar es Salaam na kwingineko, walijifunza Kiingereza cha nchi hii mahali pawili: kazini, na mbele ya televisheni. Kiingereza tulichokuja nacho kilikuwa cha darasani. Hakikutuambia kwamba muuza mboga akikuita "love" hana kusudio lolote la mapenzi, wala kwamba jirani wa kaskazini akikukaribisha "tea" atakuandalia chakula kamili cha jioni. Hayo tuliyasikia kwanza katika Coronation Street.

Mchezo huo ulianza kuonyeshwa tarehe 9 Desemba 1960. Mtungaji wake, Tony Warren, alikuwa kijana wa miaka 24, na watengenezaji walikuwa kampuni ya Granada ya Manchester. Michezo ya aina hii Waingereza huipa jina la sabuni, kwa sababu huko Marekani, katika miaka ya 1930, makampuni ya sabuni ndiyo yaliyogharimia michezo ya mfululizo ya redio, ili mama wa nyumbani wasikilize na kisha wanunue.

Mtaa wenyewe umo katika mji wa kubuniwa uitwao Weatherfield, uliofananishwa na Salford. Nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, milango inafungukia barabarani, na siri ya mtu haikawii kufika duka la pembeni. Waliokulia Mkunazini au Mji wa Kale wa Mombasa hawakuhitaji kuelezwa maisha hayo. Hata Rovers Return, ile baa yao, ambayo sisi hatuna haja nayo, tuliifahamu kazi yake: ndiyo baraza ya mtaa, mahali pa kupokelea habari na kuzitia chumvi.

Wahusika nao tuliwapa wenzao wa kwetu. Ena Sharples, aliyeigizwa na Violet Carson, na wavu wake wa nywele na ulimi usiomwogopa mtu, alikuwa ni yule bibi ambaye kila mtaa unaye, anayejua nani kapita na kapita saa ngapi. Lakini aliyeingia nyoyoni mwa mama zetu zaidi ni Hilda Ogden, aliyeigizwa na Jean Alexander. Hilda alikuwa mfanya usafi, na wengi wa mama zetu nao walitoka alfajiri, baridi ikiuma, kwenda kusafisha maofisi kabla wenye maofisi hawajaamka. Mumewe, Stan, alikuwa mvivu asiye kifani, na Hilda hakuchoka kumsema. Stan alipokufa mwaka 1984, Hilda alifungua kifurushi cha vitu vyake kilicholetwa kutoka hospitali, akaiona miwani yake, akalia. Wapo wajane miongoni mwetu ambao hadi leo hawaelezi tukio hilo bila ya sauti kubadilika. Alipouaga mtaa Siku ya Krismasi ya mwaka 1987, waliomtazama, pamoja na waliotazama marudio, walizidi milioni 26.

Sasa tuje kwenye harusi. Kubwa kuliko zote, kwa wengi wetu, ni ile ya Ken Barlow na Deirdre Langton, iliyoonyeshwa tarehe 27 Julai 1981, siku mbili kabla ya Prince Charles kumuoa Diana. Watazamaji walizidi milioni 24. Ilikuwa katika kumi la mwisho la Ramadhani ya mwaka 1401, na wakati ule wa kiangazi jua huchwa karibu saa tatu za usiku. Kwa hiyo saa moja u nusu, bwana na bibi harusi wakila kiapo kanisani, sisi tulikuwa na saumu zetu, sambusa zikisubiri kukaangwa. Kinachokumbukwa zaidi ni mjadala uliofuata: mahari iko wapi? Walii wake ni nani? Na vipi arusi yote imalizike mchana mmoja, bila ya kesha wala kupelekewa bibi harusi chakula?

Watoto wetu, kwa kuuliza maswali hayo, ndipo walipoanza kusimuliwa harusi za kwao. Hilo ni jambo la kushukuru. Mchezo wa Kiingereza uliwapa wazee sababu ya kueleza somo ni nani na fungate huwa siku ngapi.

Ndoa ile haikuwa na utulivu. Mwaka 1983 Deirdre alivutwa na Mike Baldwin, mwenye kiwanda, na nchi nzima ikagawanyika. Alipoamua kubaki na Ken, ubao wa matokeo wa uwanja wa Old Trafford, Manchester United ikicheza na Arsenal, uliwatangazia watu kwamba Ken amepata moja na Mike sifuri. Baadaye wakatalikiana, kisha wakarudiana kwa ndoa ya pili tarehe 8 Aprili 2005. Kesho yake Prince Charles akamuoa Camilla. Anne Kirkbride, aliyemwigiza Deirdre, alifariki Januari 2015. William Roache, ambaye ni Ken tangu kipindi cha kwanza, alitambuliwa na Guinness mwaka 2010 kuwa ndiye aliyedumu zaidi ya waigizaji wote wa michezo hii.

Baina ya ndoa hizo mbili ipo nyingine isiyotajwa sana na Waingereza, lakini sisi hatukuisahau. Mwaka 1994 Deirdre aliolewa na Samir Rachid, kijana wa Kimoroko mwenye umri mdogo sana kuliko wake, ili asirudishwe kwao. Mtaa ukanong'ona kwamba anachotaka ni karatasi tu, si mke. Maneno hayo sisi tulikwisha kuyasikia, tena si katika televisheni. Wakati ule sheria ya uhamiaji ilimtaka mwenzi anayeomba kuja kuishi hapa athibitishe kwamba lengo kuu la ndoa yake si kuingia Uingereza, na nyumba kadhaa zilikaa miaka mume huku na mke kule kwa ajili ya sharti hilo, lililofutwa Juni 1997. Samir aliuawa katika mchezo mwaka 1995, akiwa njiani kwenda hospitali kumtolea figo yake Tracy, binti wa Deirdre. Figo hiyo ikamwokoa msichana. Waliomdhania mchumia tumbo waliona alichokuwa tayari kukitoa.

Harusi moja zaidi ina faida kwetu. Mwaka 1980 Emily Bishop, mjane mpole, aliolewa na Arnold Swain, kisha ikagundulika kwamba bwana huyo ana mke mwingine. Wazee wetu walibishana sana, kwani kinachoruhusiwa na sheria yetu kwa masharti, kwa sheria ya hapa ni kosa la jinai. Jambo la kuzingatia, hata hivyo, ni daftari. Katika harusi za mtaa ule maharusi hutia saini, na saini hiyo ndiyo inayomlinda mke. Kwetu wapo wanaofunga nikaha nyumbani au ukumbini na kuishia hapo. Februari 2020 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba sherehe ya namna hiyo, isiyofuata sheria ya usajili ya England na Wales, haihesabiwi ndoa mbele ya sheria, na wakiachana mke hawezi kudai mgawo wa mali kama mtalikiwa. Wazazi wenye mabinti, tafadhalini: nikaha ni yetu na haina badala, lakini na saini ya serikali ipatikane.

Mwaka 2014 ukoo wa akina Nazir, Waislamu, ulikaa rasmi katika mtaa huo. Ilichukua zaidi ya miaka hamsini. Mama zetu wangelipenda kumwona Yasmeen akijibizana na majirani zake, kwani wao walikwisha kuishi katika mitaa kama ile miaka yote hiyo, wakipeleka sahani za maandazi kwa jirani siku ya Idi na kuzirudishiwa na keki.

Tunawaomba wasomaji watakaokaa na wazee wao mwezi huu wawaulize ni harusi ipi wanayoikumbuka, ya televisheni na ya kwao wenyewe, na watuletee majibu. Tutayachapa, inshallah.