Kompyuta Ikikaa Bure, Prosesa Hufanya Nini?

Njooni karibu na kioo, wanangu, tuitazame namba moja. Kompyuta hii ya mezani imewashwa, lakini hakuna aliyeipa kazi: hakuna muziki, hakuna mchezo, hakuna ukurasa wa intaneti uliofunguliwa. Bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Haya, dirisha la Task Manager hilo limefunguka. Ingieni Performance, kisha CPU, mshushe macho hadi palipoandikwa Speed. Mnaona? 0.80 GHz. Lakini hapo juu, penye jina la prosesa, pameandikwa Core i5-6500, na mbele yake 3.20GHz.

Wapo vijana wanaoiona namba hiyo ndogo wakamrudia mbio aliyewauzia: umenipunja, mashine haizidi robo ya ulichoniambia! Hawakupunjwa. Mashine yao ni nzima, tena ina akili.

Ndani ya kila prosesa kuna saa. Hii haitwambii ni saa sita au saa nane. Kazi yake ni kupiga mapigo yanayolingana, kama mpiga ngoma, na sehemu zote za prosesa huenda kwa mapigo yake. Katika i5-6500, ambayo Intel waliitoa mwaka 2015, mapigo ya msingi ni milioni 100 kwa sekunde. Prosesa huyazidisha. Ikiyazidisha mara 32, yanakuwa bilioni 3.2, yaani gigahezi 3.2. Ikiyazidisha mara 36, yanafika 3.6, na huo ndio mwisho wake kazi ikipamba moto. Ikiyazidisha mara 8 tu, yanakuwa milioni 800. Hiyo ndiyo 0.80 yetu.

Kwa nini ipunguze? Kwa sababu kila pigo linakula umeme, na umeme huo wote hugeuka joto. Ila faida kubwa haiko kwenye mapigo, iko kwenye volti. Transista, yaani swichi ndogo mno ndani ya prosesa, inayotakiwa kufunga na kufungua kwa haraka mno huhitaji msukumo mkubwa wa umeme ili iwahi pigo linalofuata. Ikipewa nafasi, msukumo mdogo unaitosha. Na umeme unaoliwa hufuata volti zikizidishwa kwa zenyewe. Chukueni kalamu. Tuseme volti zimeshuka kutoka 1.2 hadi 0.8. Moja nukta mbili mara yenyewe ni 1.44, sifuri nukta nane mara yenyewe ni 0.64. Hapo tu tumeshapunguza zaidi ya nusu. Mapigo nayo yameshuka hadi robo. Zidisheni hayo mawili, mtapata kwamba umeme unaotumika kwa mapigo umebaki kama sehemu moja ya tisa! Feni inapunguza kelele, chumba hakipati joto, na luku haikimbii.

Mtaniuliza: ikienda polepole hivyo, si itachelewa nikianza kuandika? Hebu tuhesabu tena. Mwandishi mwepesi sana wa vidole hubonyeza herufi kama 10 kwa sekunde. Kati ya herufi moja na nyingine, prosesa yenye mapigo milioni 800 imeshapiga mapigo milioni 80. Inakusubiri wewe, mwanangu. Ukiipa mzigo mzito, kama kufungua mchezo, itapanda hadi kasi yake kamili kabla hujapepesa jicho.

Zamani haikuwa hivi. Kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 ilikwenda kwa megahezi 4.77, iwe ina kazi au haina. Kubadilisha kasi kulianza kushika kasi kwenye kompyuta za mkononi, kwa kuwa betri ndiyo iliyokuwa ikilia: Intel walileta SpeedStep mwaka 2000. Mwaka 2003 AMD wakaleta Cool'n'Quiet kwenye Athlon 64, na mashine za mezani nazo zikajifunza kupumzika.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa hata wakubwa huchanganyikiwa. Kushusha mapigo ni nusu ya hadithi. Kiini (core) cha prosesa kisichokuwa na kazi hata kidogo hulala: saa yake husimamishwa, na usingizi ukizama, hata volti zake hukatwa. Hulala na kuamka mara nyingi mno ndani ya sekunde moja. Kiini kilicholala hakina kasi ya kusoma. Na programu ya kupimia ni kazi kama kazi nyingine; kila inapokwenda kuchungulia, huenda ikamwamsha aliyelala, kisha ikaandika kasi aliyoamka nayo. Mwaka 2019, prosesa za AMD za mfululizo wa Ryzen 3000 zilipotoka, watu wengi walishangaa kuona kasi na volti za juu wakati mashine imekaa bure. AMD wakaeleza kwamba baadhi ya programu za kupimia ndizo zilizokuwa zikiviamsha viini kwa kuvikagua mara kwa mara. Kwa hiyo namba inayorukaruka, mara 0.8, mara 3.4, mara 1.1, isiwatie hofu.

Wengine huingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows na kuchagua High performance ili namba isishuke kamwe. Mimi nawaambia iacheni kwenye Balanced. Kasi mnayoipata mkiwa na kazi ni karibu ile ile, mnachoongeza ni joto na bili.

Mkitaka kuijua afya ya prosesa, msiipime ikiwa imekaa. Ipeni kazi nzito kwa dakika kadhaa, fungueni tena dirisha lile, msome mambo mawili kwa pamoja: Utilization na Speed. Matumizi yakiwa karibu asilimia 100 na kasi iko 3.2 au zaidi, mashine ni salama. Matumizi yakiwa 100 na kasi imeng'ang'ania 0.8, angalieni kwanza mpangilio wa umeme, kisha zimeni, chomoeni waya, mfungue kasha mtazame vumbi kwenye feni. Vumbi likiisha na namba haijapanda, hiyo sasa ipelekeni kwa fundi.